Kisu kidogo cha kambini: kinene au chembamba?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mimi na binti yangu wa miaka 12 tunajiandaa kwa safari zetu za kwanza za kupiga kambi na kujifunza stadi za porini. Nimebakiwa na visu viwili vya kuchagua, vyote visivyokunjwa. Cha kwanza kina ubapa wa sentimita 10 wenye unene wa milimita 2.5, mpini wa plastiki, na chuma chake hakifiki mwisho wa mpini. Cha pili kina unene wa milimita 5, chuma kinapita mpini wote, na mgongoni kimewekwa meno ya msumeno. Muuzaji ananihakikishia kwamba hiki cha pili hakivunjiki. Nichukue kipi, nitazame chuma cha aina gani, na je, binti yangu apewe kisu chake?"

Ndugu msomaji, chukua kile cha kwanza, na kwa fedha zitakazobaki nunua msumeno mdogo wa kukunja pamoja na kinoo kizuri. Nimelitanguliza jibu ili usisome maelezo yote haya ukiwa na wasiwasi. Hata hivyo, sababu zake zina thamani kuliko jibu lenyewe, kwa kuwa zitakuwezesha kukipima kisu chochote utakachokishika siku nyingine, hata kama hakifanani na hivi viwili.

Mnunuzi mgeni huanza kwa kuuliza kisu kitastahimili nini, ilhali linalotangulia ni kisu kitafanya nini. Kambini utakitumia kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba, kutia kato kwenye mti wa kutundikia sufuria juu ya moto, kuchonga vijiti vikavu hadi vitoe maranda membamba ya kuwashia, kumenya na kukata chakula, na pengine kumpasua samaki. Zote hizo ni kazi za kukata na kuchonga. Zinazobaki ni mbili, yaani kukata matawi manene na kuchanja kuni, nazo zina zana zake tangu zamani. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps karibu na mpaka wa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na shoka la shaba na kisu cha jiwe la gumegume kilichotiwa mpini wa mti, ambacho kwa jumla hakizidi sana sentimita 13. Katika karne ya 19, Mmarekani George Washington Sears, aliyejulikana kwa jina la Nessmuk, alikuwa akiingia msituni na shoka dogo lenye makali pande mbili, kisu chembamba cha alani, na kisu cha kukunja. Watu hawa wawili waliishi mbali sana kwa wakati, lakini kila mmoja aliliachia shoka kazi ya nguvu na kukibakishia kisu kazi ya ustadi. Kisu cha milimita 5 kinajaribu kuwa shoka na kisu kwa pamoja, na matokeo yake ni shoka dhaifu na kisu kizito.

Nieleze hili la unene kwa kina, maana ndipo makosa mengi ya ununuzi yanapotokea. Makali hugusa mti kwa ukingo mwembamba mno, lakini mara tu yanapozama, mwili wa ubapa unaoyafuata lazima upenye palepale makali yalipopita. Ubapa ukiwa mnene, mkono wako unatumia nguvu nyingi kuutanua mti badala ya kuukata, na kijiti ulichotaka kitoe randa refu lililojikunja vizuri hupasuka na kutoa kibanzi kifupi. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba unene huongeza ugumu wa kupinda, tena kwa kasi kubwa: ubapa wenye unene maradufu hupinda kwa shida mara nane zaidi, kwa sababu ugumu huo hufuata mchemraba wa unene. Muuzaji wako hakukudanganya kuhusu uimara. Alichokiacha ni kwamba uimara huo ni wa kazi ambayo hutaifanya, na unaulipia katika kila kazi utakayoifanya. Ubapa wa milimita 2.5 hadi 3.2 unatosha kabisa. Ukipita milimita 4, niko tayari kusema umekwisha kutoka katika visu vidogo vya kuchongea.

Unene wa mgongo lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna ubapa unavyoteremka kuelekea kwenye makali. Visu vya Uswidi na Ufini, ambavyo wachongaji wengi wa porini huvipenda, vina mteremko mmoja tu kila upande, unaoanzia chini ya katikati ya ubapa na kwenda moja kwa moja hadi kwenye makali, bila mteremko mwingine mdogo wa pili. Pembe ya pande zote mbili kwa jumla huwa karibu na nyuzi 20 hadi 25. Faida yake kwa mwanafunzi ni kubwa. Wakati wa kuchonga, mteremko ule mpana hulala juu ya mti na kukuongoza, kama randa la seremala linavyolala juu ya ubao. Na wakati wa kunoa, unaulaza mteremko uleule juu ya kinoo mpaka ukae sawasawa, bila kukisia pembe. Upungufu wake ni kwamba makali membamba hivyo hubanguka yakigonga mfupa au fundo gumu. Ubapa ulioteremshwa kuanzia mgongoni hukata chakula vizuri zaidi, nao ni chaguo la haki kwa mtu ambaye kisu chake kitakaa jikoni mwa kambi kuliko kwenye mti. Kwako wewe unayetaka kujifunza kuchonga, nenda na ule wa mteremko mmoja.

Angalia pia makali yanaanzia wapi. Nguvu ya mkono ni kubwa zaidi karibu kabisa na mpini, na hapo ndipo kato zito hukatwa. Visu vingi vilivyotengenezwa vivutie macho huacha sentimita 2 au 3 za chuma butu kati ya mpini na mwanzo wa makali, au huweka pengo la kidole mahali hapo. Kila sentimita iliyopotea inayasogeza makali mbali na nguvu yako. Visu vyepesi vya wachongaji huyaanzisha makali pale pale mpini unapoishia, na hilo halikutokea kwa bahati.

Sasa nifike kwenye hofu yako kuhusu chuma kisichofika mwisho wa mpini. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini mafundi huiita msuka. Msuka ukiwa na upana na urefu wa mpini wote, na mpini ukawa vipande viwili vilivyobanwa pembeni, hapo una kisu kigumu kuliko vyote, lakini pia kizito kuliko vyote, na chuma kilicho wazi mgongoni hupitisha baridi hadi kiganjani. Msuka mwembamba unaopita mpini mzima na kufungwa kwa nyuma, kama ulivyo kwenye visu vingi vya kale vya Ufini vinavyoitwa puukko, ni imara na mwepesi. Msuka unaoishia ndani ya mpini, kama wa kisu chako cha kwanza, huwa na nguvu ya kutosha ikiwa umeingia angalau nusu ya mpini na plastiki imemiminwa kuuzunguka bila nafasi. Msuka wa kuukataa bila mjadala ni ule wa mpini ulio wazi ndani, unaouzwa ukiwa na dira kwenye kifuniko na ndoana za samaki tumboni: hapo ubapa umeunganishwa na mpini kwa kijisehemu kidogo cha chuma, na pale pale ndipo hukatikia.

Nimewahi kuvunja kisu, nacho hakikuwa chembamba. Kilikuwa na unene wa milimita 4 na nusu, msuka wake ulipita mpini mzima, nami nilikiamini kupita kiasi. Nilikilaza juu ya kipande cha gogo kikavu, nikawa nakipigia rungu mgongoni ili kipasue, na sikuutazama mti kwanza. Ndani mlikuwa na fundo lililokwenda mshazari. Kisu kilikwama, nami badala ya kukitoa nikaongeza nguvu na kupiga ncha iliyojitokeza upande wa pili, ubapa ukiwa umepindia kando. Ulikatika sentimita 4 kutoka kwenye ncha, na kipande kikapita karibu na shingo ya mwenzangu. Tangu hapo nafundisha kwamba kupasua kwa rungu ni njia ya dharura, kwa kijiti chembamba kuliko urefu wa ubapa, kisicho na fundo, na rungu lipigwe pale ubapa ulipo juu ya mti. Kwa masharti hayo, hata kisu cha milimita 2.5 huifanya kazi hiyo bila kulalamika. Nje ya masharti hayo, hakuna unene unaokuhakikishia usalama, na neno "hakivunjiki" lisikupofushe.

Mpini ndio unaonitia wasiwasi zaidi wanunuzi wanapoamua kwa picha tu. Kisu hushikwa kwa namna nyingi: ngumi ikiwa imekibana kwa kazi nzito, kidole gumba kikisukuma mgongo kwa kazi ndogo, makali yakigeuzwa kutazama nje huku mikono yote miwili ikifungukia kifuani kwa kato lenye nguvu. Mpini ulioviringwa kwa umbo la yai, usio na mabonde ya vidole, hukubali mishiko yote hiyo na bado hukujulisha gizani makali yanatazama wapi. Mabonde ya vidole yanapendeza dukani kwa sababu yanakubali mshiko mmoja tu, nao ndio utakaoutumia dukani. Urefu wa sentimita 10 hadi 11 na nusu hutosha viganja vingi vya watu wazima. Vidole vinne vikae vyote, na ncha za vidole ziguse shina la kidole gumba kwa wepesi. Ukiruhusiwa, kibane kisu kwa nguvu kwa dakika nzima, ukigeuza kifundo cha mkono kana kwamba unachonga, kisha fungua kiganja na utazame. Alama nyekundu zilizojitokeza baada ya dakika moja zitakuwa malengelenge baada ya nusu saa. Mpira na plastiki havijali maji wala jasho. Mti hupendeza mkononi na unaweza kuusugua kwa msasa mpaka ukulingane, jambo ambalo mimi binafsi nalithamini sana.

Kuhusu urefu sitakuchosha. Mors Kochanski, mwalimu wa Kanada aliyetumia maisha yake kufundisha stadi za misitu ya kaskazini hadi alipofariki mwaka 2019, alishauri ubapa wenye urefu sawa na upana wa kiganja. Kwa wengi ni kati ya sentimita 9 na 11. Kisu chako kimo humo.

Chuma kimegawanyika katika koo mbili kubwa. Chuma cha kaboni, kwa mfano kile kinachotambulishwa kwa namba 1095, kina kaboni karibu asilimia 0.95 na hakina kromiamu ya maana. Hupokea makali upesi, hunoleka kwa kinoo cha kawaida, na hushika kutu usiku mmoja tu ukikiacha na maji ya ndimu juu yake. Chuma cha pua lazima kiwe na kromiamu angalau asilimia 10.5, na vya visu huwa na asilimia 13 au zaidi. Zamani wachongaji walikikwepa kwa sababu aina nyingi zilikuwa laini au ngumu kunoa, lakini aina zenye chembe ndogo kama 12C27 na 14C28N zimeubadilisha ukweli huo: hunoleka karibu kama chuma cha kaboni. Ukipiga kambi kando ya bahari, mahali penye mvua, au ukikitumia kisu hichohicho kwa chakula, chagua chuma cha pua. Ukiwa tayari kukifuta kila jioni na kukipaka mafuta, chuma cha kaboni kitakupa raha ya kunoa ambayo ni vigumu kuielezea kwa asiyewahi kuionja. Usihangaike na rangi yake itakapofifia kuwa ya kijivu. Tabaka hilo hupunguza kasi ya kutu. Vyuma vya bei ya juu vyenye vanadiamu nyingi, kama S30V, hukaa na makali muda mrefu, lakini yakipotea porini utahitaji bamba la almasi na subira, maana chembe za vanadiamu zilizomo ni ngumu kuliko vinoo vingi. Kwa mtu anayejifunza kunoa, hilo ni kikwazo asichohitaji.

Onyo moja la chuma chochote: usikitumie kisu kuchochea moto wala usikiache karibu na makaa. Makali membamba hupata joto haraka, na chuma cha kaboni kikifikia nyuzijoto 300 hivi, rangi ya buluu ikaanza kuonekana, ugumu wake umekwisha kupungua na kinoo hakiwezi kuurudisha.

Yale meno ya msumeno kwenye kisu cha pili ni kasoro mara tatu. Hayakati mti kwa sababu hayana nafasi ya kutolea unga. Yanakizuia kidole gumba kisisukume mgongo. Na yanalitafuna rungu kila unapopiga. Mgongo unaofaa ni tambarare wenye kona kali za mraba. Kona hizo hukwangua kijiti cha feroseriamu, yaani metali ya kuwashia moto, na kutoa cheche za moto mkali sana, na hukwangua gome kavu likawa unga wa kuwashia, hivyo makali yako hayaguswi na kazi hizo. Kama mgongo wa kisu chako umeviringwa, sugua sentimita 3 za nyuma kwa tupa hadi kona zitokee. Ncha iwe katikati au chini kidogo ya mstari wa mgongo, isiwe nyembamba kama sindano, kwa kuwa ncha nyembamba hukatika unapotoboa.

Ala wengi huisahau, ilhali kisu hukaa alani kuliko mkononi. Igeuze juu chini na uitikise kwa nguvu: kisu kisitoke. Kisha kichomoe na kukirudisha mara kumi huku ukitazama kama makali yanakwaruza ukuta wa ala au uzi wa mshono. Niliwahi kumhudumia mwanafunzi aliyekatwa kiganja kwa kisu kilichokuwa bado alani, kwa sababu kila mara alipokirudisha alikuwa akikata mshono kidogo kidogo, na siku alipoikamata ala yote kwa nguvu akichomoa, makali yalitoka ubavuni. Plastiki ngumu yenye tundu la kutolea maji ni salama na haina gharama. Ngozi nene iliyowekewa ukanda wa ziada kwenye mshono ni nzuri pia, ila usihifadhi kisu ndani yake kwa miezi, kwani ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma.

Kinoo nilichokutajia kiwe cha pande mbili, moja ya namba 400 hivi (namba ikiwa ndogo, chembe za kinoo ni kubwa) kwa makali yaliyobanguka, nyingine ya namba 1000 kwa matunzo ya kawaida. Laza mteremko juu ya kinoo chenye maji, sukuma makali mbele kana kwamba unataka kumenya ganda la kinoo, na uendelee upande mmoja mpaka kidole kikisikie kiukingo chembamba cha chuma kilichojikunjia upande wa pili, urefu wote wa makali. Geuza, rudia, kisha malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya ukanda wa ngozi mara ishirini hivi. Kisu kikikata karatasi iliyoning'inia bila kuichana, kiko tayari. Kukifanyia hivi kabla hakijawa butu kabisa huchukua dakika tano. Kungoja kiwe butu huchukua jioni nzima, na kisu butu hujeruhi zaidi kwa sababu kinakulazimisha utumie nguvu usiyoweza kuizuia.

Kabla ya safari, soma sheria ya mahali unapokwenda. Nchini Uingereza, kwa mfano, kisu kisichokunjwa hakibebwi mahali pa umma bila sababu ya msingi, hata kiwe kifupi kiasi gani. Katika ndege kisu hukaa kwenye mzigo unaokabidhiwa, kikiwa kimefungwa vizuri, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi.

Binti yako apewe chake, na nakusihi kisiwe kisu kikubwa ulichokichoka wewe. Mpini mnene kupita kiganja chake humlazimisha akibane kwa ncha za vidole, na hapo ndipo mkono huteleza. Mtafutie chenye mpini mwembamba zaidi, ubapa wa sentimita 7 hadi 9, na kizuizi kidogo kati ya mpini na makali kitakachoukinga mkono wake usitelezee mbele. Wewe huhitaji kizuizi hicho, yeye anakihitaji kwa mwaka wa kwanza. Kiwe kikali kama chako. Mfundishe kuchonga ameketi, viwiko juu ya magoti, kazi ikiwa mbele ya magoti na kamwe si juu ya mapaja, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu wa paja hupita humo na jeraha lake ni la hatari ya dakika chache. Kabla ya kuchomoa, anyooshe mkono na kuuzungusha pande zote. Akimgusa mtu, kisu kinabaki alani. Akisimama, kisu kinarudi alani. Chukueni kitambaa safi na bandeji, na mwonyeshe kabla ya siku ya kwanza namna ya kulikandamiza jeraha kwa dakika kumi bila kuchungulia. Kazi yake ya kwanza iwe kigingi kimoja cha hema kutoka kwenye tawi bichi, kwani mti mbichi hukatika kwa ulaini na hausukumi mkono. Vijiti vya maranda vingoje hadi vigingi vyake vinne vishike hema usiku kucha.